Kuunganisha Spika za Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Waya na Kufunga Viungo

Mzee mmoja wa Buruburu, hapa Nairobi, aliniita nyumbani kwake akiwa tayari amekata shauri la kununua amplifaya mpya, kwa kuwa ile aliyokuwa nayo ilizima kila alipoongeza sauti. Nilipoigeuza spika ya kushoto niliona ncha za waya zimeshika kutu ya kijani, na uzi mmoja wa shaba, mwembamba kiasi kwamba niliuona tu baada ya kuwasha tochi ya simu, umechomoka kwenye temino nyekundu (temino ni kifungio cha waya nyuma ya spika) ukalala juu ya temino nyeusi. Nilikata sentimita tatu za waya, nikazichuna ncha upya, nikazisokota na kuzikaza. Hakuhitaji kununua chochote.

Naanza na kisa hicho kwa sababu kinaeleza jambo ninaloliamini baada ya miaka mingi ya kushika kazi hii. Katika muziki wa nyumbani, mahali pa kutazama kwanza ni pale waya unapokutana na chuma kingine. Waya wenyewe, ukiwa ni wa shaba halisi na una unene unaolingana na urefu wake, hauna siri nyingine ya kukuuzia. Kiungo kilicholegea, kilichoshika kutu au kilichogeuzwa chanya na hasi kinaweza kuifanya spika ya bei kubwa isikike kama redio ya mfukoni, na hakuna waya wa bei yoyote utakaorekebisha hilo.

Kabla ya kugusa chochote

Zima amplifaya, kisha chomoa plagi yake ukutani. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu nyaya mbili za spika zikigusana wakati amplifaya ina umeme, transista za mwisho, zile zinazoisukuma spika, zinaweza kuungua kabla hujasikia hata mlio.

Ikiwa amplifaya yako ni ya mtumba, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka kwa mara ya kwanza. Vifaa vilivyotoka Uingereza havina tatizo hapa kwetu, lakini vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100, na umeme wetu ni volti 240. Kifaa cha namna hiyo kinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Nimeona watu wakifunga spika kwa uangalifu mkubwa halafu wakapoteza mashine nzima kwa kukosa kusoma mstari mmoja wa maandishi.

Vifaa vya kazi ni vichache: kisu kikali au koleo ya kuchunia waya, bisibisi, multimita (kipimo cha umeme) ya kawaida, betri moja ndogo ya volti 1.5, tochi, na karatasi ya kubandika ili uandike kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Chuma cha kulehemu utakihitaji tu ukiamua kufungua kasha la spika.

Hatua ya kwanza: ijue omu ya spika zako

Nyuma ya kila spika pameandikwa omu zake, yaani kipimo cha kuzuia umeme, kwa kawaida 8, 6 au 4. Seti nyingi za hom thieta zina spika za omu 3 au 4, na hizo si za kuchanganya ovyo na amplifaya nyingine. Namba hiyo inaitwa impidensi, yaani kiasi ambacho spika inauzuia mkondo geu unaotoka kwenye amplifaya. Haikai pahali pamoja. Spika inayoitwa ya omu 8 inaweza kupanda hadi omu 20 na zaidi kwenye masafa fulani ya sauti, yaani besi au sauti za juu, na kushuka karibu na omu 6 kwenye mengine. Kanuni ya kimataifa inaitaka isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, ingawa si kila mtengenezaji anayeitii.

Ikiwa maandishi yamefutika, pima kwa multimita. Weka skeli ya omu, tenganisha spika na waya wake, kisha gusa temino zake mbili. Multimita haipimi impidensi, bali inapima ukinzani wa koili tu (waya uliozungushwa ndani ya spika), hivyo namba itakuwa ndogo kuliko ile iliyoandikwa: spika ya omu 8 husoma takriban 5.5 hadi 7, na ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Usishtuke ukiona 6.2 kwenye spika uliyouziwa kama ya 8; hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Hatua ya pili: chagua unene kwa kufuata urefu

Hapa ndipo maneno mengi husemwa na hesabu chache hufanywa, kwa hiyo tufanye hesabu.

Waya wa shaba una ukinzani unaojulikana. Chukua 0.0172, zidisha kwa mbili kwa sababu umeme unakwenda na kurudi, zidisha kwa urefu wa njia kwa mita, kisha gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Kwa mfano, waya wa milimita za mraba 1.5 unaokwenda mita 5 hadi kwenye spika una ukinzani wa karibu omu 0.11. Wa 2.5 kwa njia hiyo hiyo una karibu 0.07. Wa 0.5, ambao ndio ule mwembamba mwekundu na mweusi unaotoka ndani ya boksi la seti ndogo, una karibu 0.34.

Kanuni ninayoitumia ni kwamba ukinzani wa waya mzima usizidi asilimia 5 ya omu za spika, yaani 0.4 kwa spika ya omu 8 na 0.2 kwa spika ya omu 4. Ukiifuata, waya wa 0.75 unakufikisha kama mita 8 kwa spika ya omu 8, lakini mita 4 tu kwa spika ya omu 4. Waya wa 1.5 unakufikisha mita 17 na mita 8. Waya wa 2.5 unafika mita 29 na mita 14. Sebule ya kawaida ya nyumba ya kupanga jijini, iwe Kilimani au Umoja, haina njia ya waya inayozidi mita 8 au 10, hata ukizunguka mlango. Ndiyo maana nikiulizwa bila maelezo zaidi hujibu: nunua 2.5, na usifikirie tena.

Sababu ya kujali haihusu kupungua kwa sauti peke yake, maana hilo ungelirekebisha kwa kuongeza kidogo. Inahusu kubadilika kwa umbo la sauti. Chukua spika ya omu 4 ambayo impidensi yake inashuka hadi 3 kwenye masafa fulani na kupanda hadi 20 kwenye masafa mengine. Ukiifunga kwa waya wenye omu 0.4, pale penye 3 utapoteza karibu desibeli 1.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na pale penye 20 utapoteza karibu 0.2. Tofauti hiyo ya karibu desibeli moja inasikika: sehemu moja ya muziki inarudi nyuma na nyingine inabaki mbele, na hakuna aliyekusudia hivyo. Kwa waya wenye omu 0.07, tofauti inashuka chini ya desibeli 0.2, na hapo sikio haliwezi kulalamika.

Waya ukiandikwa kwa mtindo wa Marekani, kumbuka kwamba namba ikipungua unene unaongezeka. Namba 16 ni milimita za mraba 1.3, namba 14 ni karibu 2.1, na namba 12 ni karibu 3.3.

Watu huuliza kama waya wa kushoto na wa kulia lazima ulingane kwa urefu. Umeme unasafiri kwenye waya kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, kwa hiyo mita tatu za ziada haziwezi kuchelewesha sauti kwa kiasi ambacho binadamu atakitambua. Kinachoweza kuleta tofauti ni ukinzani, na ukiwa umechagua waya mnene wa kutosha, tofauti hiyo nayo ni ndogo mno. Kata kila waya kwa urefu unaouhitaji, ukiacha nusu mita ya akiba.

Hatua ya tatu: hakikisha ni shaba

Hili ndilo jambo linalowaumiza wanunuzi wengi katikati ya jiji. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, nao unauzwa bega kwa bega na waya wa shaba tupu, wakati mwingine kwa bei ile ile. Si waya haramu, na unapitisha muziki, lakini ukinzani wake uko juu zaidi, kiasi kwamba unapaswa kuununua ukiwa mnene mara moja na nusu ili ulingane na wa shaba. Tena unakatika upesi ukikunjwakunjwa, na ncha zake zikishachubuka alumini inajifunika utando mgumu usiopitisha umeme vizuri. Tatizo basi linarudi palepale kwenye kiungo.

Siku moja nilisimama kwenye kaunta moja ya Luthuli Avenue, mbele ya mama aliyekuwa na rola sita za waya zimening'inia nyuma yake.

"Mama, huu ni kopa tupu?" nilimuuliza.

"Ni kopa kabisa, kijana wangu. Kata uone."

Nilikata, nikashika uzi mmoja kati ya kucha na ncha ya kisu, nikaukwaruza polepole. Rangi ya wekundu ilitoka kama rangi ya ukuta, na chini yake pakatokea weupe. Nilimwonyesha. Aliuvuta uzi ule karibu na macho, akautazama kwa muda, akasema, "Mimi niliuziwa kama kopa, Mungu ni shahidi." Kisha akainama chini ya kaunta akatoa rola nyingine iliyokuwa nzito kiasi kwamba aliishika kwa mikono miwili. Huo ulikuwa wa shaba hadi ndani.

Uzito ule ni kipimo kizuri. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini, kwa hiyo rola ikiwa nyepesi mkononi kuliko unavyotarajia, uliza maswali. Kwaruza uzi, na ukate ncha kwa koleo kali uone rangi ya mkato wenyewe.

Hesabu pia nyuzi. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye nyuzi za kipenyo cha milimita 0.25 una nyuzi 30, na wa 2.5 una nyuzi 50. Waya wa spika wenye nyuzi 79 za milimita 0.2 nao ni 2.5. Plastiki nene yenye nyuzi chache ndani ni udanganyifu wa macho, na mnunuzi hugundua akiwa ameshafika nyumbani.

Je, waya wa umeme wa nyumba unafaa? Kwa sauti, ndiyo, hauna kasoro. Ule wa uzi mmoja mgumu hukatika ukikunjwa mara nyingi, kwa hiyo chagua ule laini wenye nyuzi nyingi. Ninachokiogopa ni kitu kingine: mtu atakayekuja baada yako akauona waya wa kahawia na buluu ukutani, akadhani ni wa umeme au, vibaya zaidi, akauchomeka kwenye umeme. Ukiutumia, uandike wazi kwenye ncha zote mbili kwamba ni wa spika.

Hatua ya nne: chuna, sokota, kaza

Chuna sentimita moja ya plastiki, au moja na milimita mbili. Zungusha kisu bila kukata nyuzi. Uzi uliojeruhiwa hukatika baadaye, nao ndio unaozagaa ukagusa jirani. Nyuzi zikiwa wazi, zisokote kwa vidole kuelekea upande ule ule zilikosokotwa kiwandani hadi ziwe kamba moja ngumu. Hapo zitazame kwa tochi. Kila uzi lazima uwe ndani ya kamba.

Temino ya skrubu ina tundu upande mmoja. Fungua kichwa chake hadi tundu lionekane, ingiza waya mpaka plastiki ikaribie kugusa chuma, kisha kaza kwa vidole kwa nguvu ya kawaida. Usitumie koleo, kwa kuwa temino nyingi zimeshikwa na plastiki na hupasuka. Vuta waya kidogo. Ukitoka, haukuwa umeshikwa. Pasionekane shaba nje ya temino zaidi ya milimita moja.

Temino za kubana zenye kishikio cha springi, kama zile za seti ndogo, hazipokei waya mnene. Usikate nyuzi ili waya uingie. Afadhali ulehemu kipande kifupi cha waya mwembamba kwenye ncha, au uivalishe kipini cha chuma cha kubana.

Hapa nieleze jambo ambalo mafundi wengi wazuri tunatofautiana. Wengine huzilehemu ncha zote kabla ya kuzikaza kwenye skrubu, kwa nia ya kuzuia nyuzi kutawanyika. Mimi sifanyi hivyo. Lehemu ni laini, na ikibanwa kwa muda mrefu hutambaa taratibu, skrubu ikabaki imeshika hewa. Shaba tupu iliyosokotwa vizuri, au kipini kilichobanwa kwa koleo lake, hukaa imara zaidi.

Plagi za banana, zenye kipenyo cha milimita 4, haziongezi ubora wa sauti, lakini ninazipenda kwa watu wanaohamisha spika mara kwa mara au wenye watoto wanaovuta nyaya. Funga waya ndani ya plagi mara moja kwa uangalifu, na kuanzia hapo hutashika tena nyuzi zilizo wazi.

Ukikuta kutu ya kijani, usiikwangue. Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Ukikata sentimita kumi na bado kuna ukijani chini ya plastiki, waya huo umeisha kazi. Hapa Nairobi hali si mbaya kama Mombasa, ambako chumvi ya bahari huharibu kila chuma, lakini spika iliyo karibu na jiko au ukuta unaovuta maji wakati wa masika hupata kutu vilevile.

Hatua ya tano: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi

Waya wa spika una alama upande mmoja: mstari mwekundu, maandishi, au ukingo unaousikia kwa kidole. Amua kwamba upande huo ni chanya na usibadili mawazo. Chanya ya amplifaya iende kwenye temino nyekundu ya spika, na hasi kwenye nyeusi.

Ukizigeuza spika zote mbili kwa pamoja, karibu hutasikia tofauti. Ukigeuza moja tu, besi hutoweka. Sababu ni urefu wa wimbi la sauti. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko sebule nyingi, kwa hiyo spika moja inaposukuma hewa na nyingine ikaivuta, mawimbi hayo yanafutana kabla ya kukufikia ulipoketi. Sauti za juu zina mawimbi mafupi, kama sentimita 11 kwa hezi 3000. Hizo hazifutani kwa utaratibu bali huvurugika, na mwimbaji anasikika kama yuko kila mahali na hayuko popote.

Namna ya kujua ni rahisi. Weka taarifa ya habari ya redio, kwa kuwa sauti ya msomaji mmoja hutoka sawa kwenye spika zote mbili. Keti katikati. Sauti ikisimama mbele yako kama mtu aliyeketi kati ya spika, umefunga vizuri. Ikikuzunguka masikioni bila mahali pake, zima, geuza waya wa spika moja tu, na usikilize tena. Halafu weka wimbo wa benga na usikilize gitaa la besi: tofauti utaisikia kifuani.

Kwa spika isiyo na alama, tumia betri ya volti 1.5. Tenganisha spika na amplifaya, gusa temino kwa betri kwa nusu sekunde, na utazame koni ya wufa, ile spika kubwa ya besi. Ikisogea mbele, kuja kwako, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Usifanye jaribio hili moja kwa moja kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu) iliyo peke yake, kwani koili yake ni nyembamba mno. Ujue pia kwamba spika za zamani za JBL zilitengenezwa kinyume, koni ikirudi nyuma unapoweka chanya kwenye nyekundu. Ukiwa na jozi ya namna hiyo si tatizo, ila usiichanganye na spika nyingine bila kugeuza waya.

Ikiwa una spika zaidi ya mbili

Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, amplifaya inaona omu 4. Zikifungwa kwa mfuatano, moja ikipokea kutoka kwa nyingine, inaona 16. Mbili za omu 4 zikiwa sambamba zinakuwa 2, na hapo ndipo amplifaya nyingi za nyumbani hufa. Sababu ni hesabu ya mkondo: volti 20 kwenye omu 8 ni ampea 2.5 na wati 50. Kwenye omu 4 ni ampea 5. Kwenye omu 2 ni ampea 10 na wati 200, ambazo mashine haikuumbwa kuzitoa.

Swichi ya A na B iliyo mbele ya amplifaya nyingi hufunga jozi hizo mbili sambamba unapoziwasha pamoja. Ndiyo maana nyuma pameandikwa omu za chini zinazoruhusiwa kwa A peke yake, na nyingine, kubwa zaidi, kwa A na B pamoja. Heshimu maandishi hayo kuliko maneno ya fundi yeyote, pamoja na yangu.

Mfuatano ni salama kwa amplifaya lakini hauifai sauti ikiwa spika hazifanani, kwa sababu impidensi ya moja inapopanda inainyima nyingine sehemu ya umeme wake. Ukiwa na spika nne zinazofanana za omu 8, funga mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo ziweke sambamba. Utarudi kwenye omu 8.

Onyo moja zaidi, na ni zito. Amplifaya nyingi ndogo za kisasa, zile zenye ubao mdogo unaotumia umeme wa adapta, zina umeme wa muziki kwenye temino zote mbili za spika, hata ile nyeusi. Usiziunganishe hasi za kushoto na kulia, na usifunge hasi kwenye chuma cha kasha. Kufanya hivyo ni sawa na kugusanisha nyaya.

Ndani ya kasha

Wengi hawana haja ya kufika hapa. Ukifungua spika ya zamani kwa sababu twita imenyamaza, utakuta krosova, ubao unaogawa sauti: kapasita inazuia besi isifike kwenye twita, na koili inazuia sauti kali zisiende kwenye wufa. Kwa twita ya omu 8 na mgawanyo wa hezi 3000, kapasita moja ya takriban mikrofaradi 6.6 ndiyo hufanya kazi hiyo katika krosova nyepesi kabisa.

Kapasita za elektroliti hukauka kwa miaka. Unapobadilisha, nunua isiyo na chanya na hasi, yenye thamani ile ile. Zile za kawaida za redio, zenye mstari wa hasi ubavuni, hazifai hapa. Zile za polipropilini hudumu zaidi, ingawa ni kubwa na zinahitaji nafasi. Usisogeze koili zikalala karibu sambamba, kwani zitaingiliana. Ziache kama mtengenezaji alivyozipanga.

Piga picha kabla ya kufungua waya wowote. Kwenye spika nyingi, ulimi mpana wa chuma ni chanya na mwembamba ni hasi, lakini usitegemee hilo tu. Tena, usijaribu "kurekebisha" twita iliyofungwa kinyume na wufa ndani ya kasha: krosova za ngazi ya pili, zenye kapasita na koili kwa kila spika, mara nyingi huhitaji twita igeuzwe, na mtengenezaji alifanya hivyo kwa makusudi.

Temino nne nyuma ya spika

Baadhi ya spika zina temino nne zilizounganishwa kwa vibati viwili vya chuma. Ukitumia waya mmoja, viache vibati mahali pake na uvikaze, kwa maana kibati kilicholegea hunyamazisha nusu ya spika. Kuvuta nyaya mbili kutoka kwa amplifaya moja hakuleti faida inayolingana na gharama. Ukitumia amplifaya mbili kwa spika moja, lazima uondoe vibati kwanza. Ukivisahau, amplifaya hizo zitasukumana na moja inaweza kuungua.

Kupitisha waya, kisha kupima

Pitisha waya kwenye kona ya sakafu na ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki ikiwezekana. Usiuweke kwenye bomba moja na nyaya za umeme, na mahali zinapokutana zivuke kwa kukata msalaba. Dari la nyumba nyingi za huku lina panya, na panya hupenda plastiki. Ukilazimika kupita juu, tumia bomba gumu.

Kabla ya kuwasha, ncha za upande wa amplifaya zikiwa bado hazijafungwa, pima kila jozi kwa multimita. Spika ya omu 8 isome kati ya 5.5 na 7 ukijumlisha waya. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mahali nyaya zinagusana. Isiposoma kabisa, kuna kiungo kilichoachia. Pima pia kati ya waya wowote wa kushoto na wowote wa kulia: hapo pasiwe na mawasiliano. Ukimaliza, funga amplifaya, shusha sauti hadi chini kabisa, washa, na upandishe taratibu huku ukiisikiliza kila spika kwa zamu.

Baada ya wiki mbili au tatu, zima tena na ukaze temino zote. Shaba iliyobanwa hujilaza, na utashangaa jinsi kichwa cha skrubu kitakavyozunguka robo kabla ya kushika.